Vijinzi vya Udongo kwenye Sakulenti za Ndani: Niliyojifunza Mtwara Wakati wa Mvua

Mvua za Mtwara ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na mwaka mwingine Mei huikuta ardhi bado imelowa. Mkulima wa muhogo na mbaazi huzisubiri kwa hamu, lakini mtu anayetunza sakulenti, yaani ile mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, hana budi kuiingiza ndani mapema, kwa sababu mvua ya siku nyingi mfululizo huozesha mizizi yake na kuyapasua majani. Ndivyo ninavyofanya hapa Chuno, mjini Mtwara: ekeveria, hawothia, kalankoe, mishubiri midogo na madungusi huondoka barazani na kupangwa kwenye rafu ya mbao sebuleni. Mvua zikishakolea na unyevu wa bahari ukishajaa ndani ya nyumba, huja vijinzi weusi wadogo ambao wengi wamewahi kuwaona wakizungukazunguka vyungu vya maua bila kujua wametoka wapi. Nimeishi nao misimu kadhaa, na sasa naweza kusema nawafahamu kiasi cha kumsaidia mwingine.

Kwanza ni kuwatambua. Kijinzi mzima ana urefu wa milimita 2 hadi 4, ni mweusi au wa kijivu cha kukolea, miguu yake ni mirefu na myembamba, na mbawa zake zina rangi ya moshi hafifu. Haruki vizuri. Ukigusa chungu anainuka, anayumba hewani kidogo, kisha anatua palepale na kuanza kukimbia juu ya udongo badala ya kwenda mbali. Wataalamu wanawaweka katika familia ya Sciaridae, na wanaosumbua zaidi mimea ya ndani ni wa jenasi ya Bradysia. Hawaumi na hawanyonyi damu, kwa hiyo hawana uhusiano wowote na malaria. Nalisisitiza jambo hilo kwa sababu umbo lao linafanana sana na la mbu mdogo, na katika mkoa kama wetu mtu akiona mdudu wa miguu mirefu akiruka karibu na kitanda, hofu yake ina msingi. Jirani yangu, mama mtu mzima anayekuja kunijulia hali jioni, aliwaona akaniambia, "Mwanangu, hayo maua yako yanafuga mbu, yatoe nje kabla watoto hawajaugua." Nilimweka karibu na dirisha, nikamwonyesha mmoja aliyekuwa akitembea juu ya udongo, nikamweleza kwamba mbu hutaga kwenye maji yaliyosimama, ilhali huyu hutaga kwenye udongo wenye unyevu. Akaniuliza, "Na hayo maji kwenye visahani je?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa, nami nitalirudia mbele.

Mdudu mwingine anayechanganywa naye ni inzi wa matunda, na huku kwetu mkanganyiko huo ni rahisi kutokea kwa sababu misimu inapandana. Mabibo ya mikorosho na maembe yanapokuwa tele, kila jikoni huwa na inzi wadogo wa rangi ya kahawia wenye macho mekundu. Hao ni wanene kidogo, hukaa juu ya tunda lililoiva kupita kiasi, na siki iliyotiwa tone la sabuni ndani ya kikombe huwanasa kwa wingi. Mtu akiweka kikombe hicho karibu na sakulenti zake atakuta wamezama wengi na kuamini kwamba kazi imekwisha, kumbe aliowanasa zaidi ni wale waliofuata embe mezani, na wa udongo wameguswa wachache tu. Kabla ya kutumia chochote, basi, tazama ni wapi wanakotua. Wakitua kwenye udongo na kutembea juu yake, ni hawa ninaowazungumzia.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alifahamu ni kwamba kijinzi anayeruka ni sehemu ndogo sana ya jamii yake. Mzima huishi takribani wiki moja tu. Katika muda huo jike hutaga mayai 100 hadi 200 kwenye nyufa za udongo mbichi. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 6. Mabuu hukaa ndani ya udongo kwa karibu wiki mbili wakila ukungu, majani yaliyooza na vinyweleo vya mizizi. Kisha hugeuka pupa kwa siku chache na kutoka wakiwa na mbawa. Katika joto la nyuzi 24 mzunguko mzima huchukua wiki tatu hadi nne, na sebule ya Mtwara wakati wa kaskazi ina joto zaidi ya hapo, kwa hiyo hapa kwetu kizazi kimoja hukanyagana na kingine. Ndiyo maana dawa ya kupuliza ya mbu haimalizi tatizo. Huwaua walioko hewani usiku ule, na nyumba ikaonekana imetulia, lakini chini ya udongo pupa wanaendelea kukomaa na baada ya siku mbili tatu wanatoka wengine. Tena dawa hiyo inaidhuru mimea yenyewe. Majani ya ekeveria yamefunikwa na unga mweupe wa nta unaoikinga na jua kali. Matone ya dawa yenye mafuta yakiuangukia, unga hutoka, na doa hubaki hadi jani lizeeke na kudondoka. Sijawahi kuona sababu ya kupuliza dawa ya namna hiyo juu ya sakulenti, na nawasihi wenzangu wasifanye hivyo.

Kujua kama mabuu wamo kweli ndani ya chungu fulani kuna njia rahisi inayotumiwa na wakulima wa maua sehemu nyingi duniani, nayo ni kipande cha kiazi mviringo. Unakikata kibichi, unene wa kidole, unakilaza juu ya udongo na kukikandamiza kidogo ili kigusane nao vizuri, kisha unakiacha siku mbili hadi nne. Mabuu huvutwa na unyevu na wanga wake. Mara ya kwanza nilipokigeuza kipande changu kwenye chungu cha kalankoe nilivutiwa na nilichokiona. Upande wa chini ulikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi za glasi, vinavyojikunja polepole, kila kimoja na kichwa cheusi kinachong'aa. Mwili wao ni mwangavu kiasi kwamba ule mstari mweusi wa chakula tumboni unaonekana ukisogea. Juu ya udongo palikuwa na njia za ute mwembamba zilizometameta nilipoinamisha chungu kwenye mwanga. Wengine walikuwa wameshaanza kutoboa kiazi. Nilifanya hivyo kwa chungu kimoja kimoja, na matokeo yalinifunza zaidi ya kitabu: vyungu vya udongo wa kufinyanga vilivyokuwa karibu na dirisha havikuwa na kitu, au vilikuwa na mmoja mmoja, ilhali makopo ya plastiki yaliyojazwa unga wa makumbi ya nazi, yaliyokuwa kwenye rafu ya chini, yalikuwa yamejaa. Chumba kilikuwa kilekile, mimea ya aina moja, maji ya ndoo moja. Tofauti ilikuwa udongo na muda unaochukua kukauka.

Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba mdudu huyu hupungua au kuongezeka kulingana na unyevu wa sentimita 5 za juu za udongo, na chochote kingine tunachokifanya ni msaada wa pembeni. Humo ndimo mayai yanamotagwa na ndimo mabuu wengi wanamoishi. Tabaka hilo likikauka kabisa kwa siku kadhaa kila baada ya kumwagilia, mayai hunyauka na mabuu wachanga hufa, na jike hatafuti tena mahali hapo. Bahati nzuri sakulenti ndiyo mimea inayoweza kuvumilia ukavu huo bila shida. Anayetunza mmea wa jimbi ndani ya nyumba hana uhuru huu, sisi tunao.

Sasa, je, mabuu hawa ndio wanaoozesha sakulenti zetu? Hapa watu wengi hutoa hukumu kwa haraka. Nimewahi kuletewa ekeveria ambayo majani yake ya chini yalikuwa yamegeuka kama kioo cha njano, laini, yakidondoka kwa kuguswa tu, na ndani ya shina jeusi mlikuwa na mabuu. Mwenyewe alisema wadudu wamelila shina. Lakini mzizi ulipotolewa na kuoshwa, sehemu kubwa ilikuwa imeoza siku nyingi, ina harufu ya dimbwi, na udongo ulikuwa mzito unaobana. Maji ndiyo yaliyotangulia, ukungu ukafuata, na mabuu wakaja kula kilichokwisha kufa. Mmea mkubwa wenye mizizi mizima hauumizwi sana na mabuu wachache. Wanaoumia kwa kweli ni miche, majani yaliyolazwa yaote, na vipandikizi ambavyo kidonda chake hakijafunga, kwa maana hapo kila kinyweleo cha mzizi kina thamani na tishu ni laini. Aidha, wazima wanapotembea kutoka chungu hadi chungu wanaweza kubeba mbegu za ukungu wa kuozesha mizizi, kama Pythium na Fusarium, kwa hiyo si sahihi kuwapuuza ukiwa na chungu kimoja kinachooza katikati ya vingine vizima. Kinachooza kiondoe kwenye rafu siku hiyohiyo.

Tuje kwenye udongo, maana ndiko kazi kubwa iliko. Makumbi ya nazi tunayo tele Mtwara na Lindi, na wauzaji wengi wa miche hutumia unga wake kwa sababu ni mwepesi na hauna gharama. Kwa mboga na maua yanayopenda maji unafaa sana. Kwa sakulenti inayokaa ndani wakati wa mvua haufai kuwa zaidi ya sehemu ndogo ya mchanganyiko, kwa kuwa hushika maji kwa muda mrefu, na ukianza kuoza ndio unakuwa chakula cha ukungu na cha mabuu. Samadi mbichi na majani ya mikorosho ambayo hayajaoza vizuri yana shida hiyohiyo. Ninachotumia mimi ni mchanga wa mto wenye chembe kubwa, ule wanaoutumia mafundi kwa zege, nikiuchekecha ili vumbi lake laini litoke, kisha nauosha mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa ufukweni nauacha palepale ufukweni, kwa sababu una chumvi na vipande vya kombe vinavyoufanya udongo kuwa na chokaa nyingi. Kwenye mchanga huo naongeza matofali ya kuchoma yaliyopondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi, chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia, na mboji iliyoiva vizuri. Theluthi mbili au zaidi ya mchanganyiko ni vitu visivyooza, na mboji ni sehemu iliyobaki. Ukiulowesha na kuukamata kwenye kiganja, kisha ukafungua mkono, unatakiwa kuvunjika wenyewe. Ukibaki donge, ongeza matofali.

Mboji na udongo wa bustani huweza kuwa na mayai tayari, kwa hiyo ni vizuri kuupitisha kwenye joto kabla ya kuutumia. Wakati wa kiangazi nautandaza ukiwa na unyevu kidogo ndani ya mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, naufunga na kuuweka juani kwa wiki kadhaa, mahali pa saruji panapopata jua tangu asubuhi. Mvua zikianza njia hiyo haifanyi kazi, ndipo natumia debe kuukuu juu ya mafiga: udongo wenye unyevu kidogo unafunikwa na kupashwa moto mpaka mvuke utoke, na kuachwa hivyo nusu saa. Kwenye mashamba ya maua ya kibiashara wanalenga nyuzi 82 kwa dakika 30. Usiuache ukaungua, maana utatoa harufu mbaya na kupoteza rutuba, na usifanye kazi hii ndani ya nyumba.

Kuhamisha mmea kwenda kwenye udongo huu kunahitaji subira. Nautoa, napukuta udongo wa zamani wote, nakata mizizi iliyokufa kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, nauosha, halafu nauacha ukiwa mtupu kivulini, juu ya gazeti, hadi vidonda vifunge. Katika unyevunyevu wa kwetu hilo laweza kuchukua wiki nzima, na mtu asiogope. Sakulenti haifi kwa kukaa nje ya udongo kwa muda huo. Udongo wa zamani hauwekwi kwenye kona ya baraza. Unamwagwa mbali, shambani, au unaanikwa.

Juu ya kumwagilia, ushauri mwingi unaosikika, kwamba mwagilia mara moja kwa wiki, ulitoka mahali ambapo hewa ya ndani ni kavu. Januari hapa, chungu kilichowekwa kwenye kona isiyo na upepo chaweza kukaa wiki mbili na bado chini kina majimaji. Kalenda, basi, haitufai. Mimi hutumia kijiti cha mishikaki. Nakichomeka taratibu pembeni mwa chungu hadi kifike chini, nakiacha kidogo, kisha nakichomoa. Kikitoka na rangi ya kukolea, baridi ukikigusisha shavuni, na chembe za udongo zimekiganda, simwagilii hata kama uso wa udongo unaonekana mkavu. Kikitoka kikavu chote, nasubiri siku moja mbili zaidi, na kuangalia majani: hawothia iliyo na kiu hufunga majani yake kuelekea ndani, na ekeveria hulainika kidogo majani ya chini. Hapo ndipo nakalisha chungu kwenye beseni lenye maji kina cha vidole viwili ili kinywe kwa matundu ya chini, nakitoa kabla uso wa juu haujalowa, na kukiacha kichuruzike vizuri. Kwa namna hiyo mizizi inapata maji na lile tabaka la juu linabaki kavu. Baada ya miezi kadhaa ya kunywesha kwa chini ni vema kumwagilia kwa juu mara moja, siku ya jua, ili kuosha chumvi zilizopanda, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi.

Chungu cha kufinyangwa ambacho hakikupakwa rangi kinapumua pande zote na hukausha udongo upesi kuliko plastiki, na akina mama wanaofinyanga bado wanaviuza kwa bei ya kawaida. Hakikisha tu kina tundu chini. Kuhusu visahani, lile swali la jirani yangu lina jibu moja: maji yasibaki. Mbu aina ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengi, hutaga kwenye maji machache sana, pamoja na yale ya kwenye visahani vya maua, na mlipuko wa mwaka 2019 uliowasumbua sana watu wa Dar es Salaam unatosha kutufanya tuwe waangalifu. Visahani vyangu nimevijaza kokoto kavu, na baada ya kunywesha vyungu hakuna tone linaloachwa. Jirani alivikagua mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akaridhika.

Mwanga na upepo navyo hukausha udongo, na katika nyumba zetu hili lina hesabu yake. Mtwara iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita upande wa kusini wa utosi, kisha hurudi kaskazini kwa miezi inayobaki. Mimea iliyowekwa dirisha la kaskazini mwezi Desemba haipati jua la moja kwa moja kama mwenyewe anavyodhani. Ndiyo sababu rafu yangu hukaa kwenye dirisha la kusini mvua zinapoanza, na kuhamia la kaskazini zinapokaribia kuisha. Naacha nafasi ya kiganja kati ya chungu na chungu ili upepo upite. Wavu wa mbu dirishani hauwazuii hawa, kwani wengi hupenya matundu yake.

Kwa kuwanasa wazima nakata vipande vya dumu la mafuta ya kupikia la rangi ya njano, ukubwa wa kadi, nakipaka kila kimoja mafuta mazito ya kujipaka, na kukisimamisha kwa kijiti karibu kabisa na udongo. Rangi ya njano huwavuta. Usikitundike juu, maana wao huruka chini. Faida yake kubwa kwangu si kuwamaliza, bali kuhesabu: nikibadilisha kipande kila wiki naona kama wanaongezeka au wanapungua, na chungu chenye kipande kilichojaa ndicho ninachokipima kwa kiazi.

Watu huniuliza zaidi kuhusu dawa, nami huziweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu karibu zote humwagwa kwenye udongo zikiwa na maji, na maji ndiyo tunayotaka kuyapunguza. Kwa hiyo dawa yoyote ya kumwagia naitumia siku ambayo mmea ulikuwa unastahili kunyweshwa hata hivyo. Mbegu za mwarobaini zilizokaushwa na kutwangwa, kiasi cha gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, zinasaidia. Kiini chake huvuruga ukuaji wa mabuu wasifikie kuwa wazima, ndiyo maana matokeo hayaonekani papo hapo. Majani yake yana kiini hicho kwa uchache zaidi kuliko mbegu. Dawa nyingine nzuri ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev nchini Israeli, ambaye mabuu wakimla sumu yake hupasua utumbo wao na haiwadhuru watu, kuku wala nyuki. Kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani hutengeneza viuadudu vya aina hii kwa ajili ya viluwiluwi vya mbu. Soma lebo kabla ya kununua, kwa kuwa kuna kingine cha Bacillus sphaericus, ambacho ni cha mbu na hakiwafai vijinzi hawa. Kile cha israelensis hurudiwa kila wiki kwa wiki kadhaa, maana hakiui mayai, pupa wala wazima. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, huua mabuu inaowagusa na kuisha nguvu mara moja. Nimeitumia kwenye trei za majani ya kuotesha na si kwingineko. Majivu siyashauri. Yakilowa huganda na kuzuia hewa, na huongeza uchungu wa magadi kwenye udongo ambao pwani yetu tayari una chokaa ya kutosha.

Tabaka la kokoto ndogo au mchanga mkavu, unene wa sentimita moja hadi mbili juu ya udongo, huwazuia majike kutaga, lakini lina masharti. Kwanza, liwekwe kwenye vyungu vinavyonyweshwa kwa chini tu. Pili, matundu ya chini yafunikwe kwa kipande cha wavu laini, la sivyo watapitia huko. Tatu, kokoto hupunguza kasi ya udongo kukauka, kwa hiyo kijiti cha mishikaki hakiachwi.

Majani ya kuotesha nayaweka mbali na rafu kubwa. Jani la ekeveria linang'olewa zima hadi kwenye kikonyo, linalazwa juu ya mchanganyiko mkavu, na halipewi maji hata kidogo mpaka mizizi ya rangi ya waridi ianze kutokeza. Baada ya hapo napuliza matone laini ya maji asubuhi, ili hadi jioni uso uwe umekauka. Hatua hii ndiyo mabuu hufanya uharibifu mkubwa, na ndipo ninapokagua kila siku.

Mmea mpya, uwe umenunuliwa kwa muuza miche wa barabarani au umepewa na shangazi kutoka Newala, hauingii kwenye rafu moja kwa moja. Hukaa peke yake chumba kingine kwa mwezi mzima, muda unaozidi kizazi kimoja cha vijinzi, ukiwa na kipande chake cha njano na kipande cha kiazi. Kipande kikibaki safi na kiazi kikageuzwa bila kitu, unapangwa na wenzake. Kikionyesha hata mmoja, unatolewa kwenye udongo wake na kupandwa upya kwa utaratibu niliokwisha kuueleza, na mwezi unaanza kuhesabiwa tena.